Hodi ya Gari la Baba Elia

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa, kuanzia hapa mbele kwa waimbaji mpaka kule nyuma kwa waliochelewa! Mimi ni Mama Elia wa Bagara. Wengi wenu mlilijua gari langu kabla hamjanijua mimi, na sikasiriki, maana hata mimi nikisikia mtu anasema "yule mama wa lile gari" nageuka. Mchungaji ameniambia nisirefushe. Nitajaribu, lakini nikilia mnivumilie, na nikicheka mcheke nami, kwa sababu jambo hili lina vyote viwili.

Mume wangu, Baba Elia, alilinunua lile gari likiwa tayari limezeeka. Ni gari la zamani, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mnajua barabara ya kule mashambani Sigino wakati wa masika. Ule udongo mweusi ukilowa, bajaji inabaki mjini, bodaboda inalala ubavu, na mwenye mgonjwa anabaki kushika kichwa. Gari letu lilikuwa linapita. Lilikuwa linalia, linatoa moshi, linarusha tope mpaka juu ya paa, lakini linapita! Baba Elia alinifundisha kuliendesha mwenyewe, na majirani walicheka kuona mwanamke juu ya usukani ule mkubwa. Wakacheka weee, mpaka siku waliponihitaji.

Honi ilikuwa imekufa siku nyingi, na yeye hakutaka kuitengeneza. Alisema honi ni ya watu wenye haraka. Akifika nyumbani jioni alikuwa anasimamisha gari, anashuka na spana mkononi, anagonga geti la bati: ka-ka-ka-ka! Watoto wanakimbia, kila mmoja anataka awe wa kwanza kumfungulia. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi ya nyumbani kwetu. Hata kama nilikuwa nimekasirika naye asubuhi, nikiisikia ile hodi hasira inaisha.

Halafu akafa, ndugu zangu. Presha ilimpanda akiwa shambani, na kabla hatujamfikisha hospitali alikuwa ameshatuacha. Ninyi mlikuja. Mlipika, mlilala chini kwangu, mlichota maji. Sijasahau, na Bwana hajasahau.

Msiba ulipokwisha, nguo zake ziligawanywa kwa ndugu kama ilivyo desturi. Gari halikugawanywa, kwa sababu lilikuwa ndilo kazi yetu. Nikajifunga kanga kiunoni, nikalichukua. Nikaanza kubeba mbaazi na mahindi ya watu kutoka Sigino kuleta sokoni Babati. Nikabeba alizeti, nikabeba wagonjwa, nikabeba akina mama wajawazito wakinishika mkono kwenye kila shimo. Ada za watoto zilitoka kwenye gari lile. Chumvi ilitoka kwenye gari lile. Mkiniuliza nilikuwa na nini baada ya Mungu, nitawajibu: nilikuwa na gari.

Sasa sikilizeni. Jioni moja nilikuwa narudi kama kawaida. Watoto walisikia muungurumo, wakafungua geti. Njia ya kwetu ni nyembamba, na mbele ya geti kuna ukuta wa jirani, kwa hiyo lazima ukate usukani wote kulia mpaka ugome ndipo uingie. Nikakata. Na pale pale kwenye mdomo wa geti nikasikia: ka-ka-ka-ka!

Damu ilisimama. Watoto nao walisimama. Yule mdogo, Neema, akasema, "Baba!" Alisema kwa furaha, ndugu zangu, kwa furaha! Akakimbia nyuma ya gari kwenda kumtafuta.

Kesho yake nilipotoka, kimya. Sokoni, kimya. Barabara ya lami, kimya. Jioni nikirudi, nikifika tu getini: ka-ka-ka-ka! Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi anatuacha tuondoke, jioni anapiga hodi. Na si hivyo tu. Nikiachia klachi ili gari lianze kuondoka, chini kwa nyuma palikuwa panagonga mara moja, ko! kama mtu mzito amepanda na kukaa kwenye mizigo.

Habari ilienea Bagara yote. Mnajua midomo yetu. Abiria walianza kupungua. Mama aliyekuwa ananipa mbaazi zake kila wiki akaniambia shingo upande kwamba mwaka huu atatumia punda. Punda, ndugu zangu!

Shemeji yangu, Baba Happy, ndiye mdogo wake marehemu. Naomba mnielewe vizuri hapa, maana yupo leo na amekaa na mke wake pale. Shemeji si mtu mbaya. Alimpenda kaka yake kuliko nafsi yake. Alikuja nyumbani akaisikia ile hodi kwa masikio yake, akakaa chini kwenye kizingiti. Akaniambia, "Mama Elia, nguo tuligawa, lakini gari hatukuligusa. Kaka analidai. Hawezi kupumzika."

Nikamwambia, "Shemeji, hawa watoto watakula nini?"

Akasema, "Watoto wa kaka ni wangu. Watakula ninachokula mimi. Lakini hili gari liondoke, maana nikisikia ile sauti nakufa mara ya pili."

Mtu akikuambia hivyo utamjibu nini? Nami nilijua shamba lake ni dogo na watoto wake mwenyewe wa kulisha ni wengi. Wanangu wangeacha shule, hilo halikuhitaji mtu wa kunieleza. Lakini ukoo ulikaa, ukakubaliana kwamba gari liuzwe. Na kwa sababu Babati nzima hakuna aliyelitaka, akatafutwa mtu wa chuma chakavu kutoka Arusha. Angekuja Jumamosi na mitungi yake ya gesi alikate vipande vipande.

Nikakimbilia kanisani. Mnakumbuka ile Jumapili! Baada ya ibada tulilizunguka gari lote, wazee, akina mama, na vijana. Mchungaji alikemea mpaka sauti ikakauka. Mzee wa kanisa alichukua mafuta ya upako akapaka boneti, akapaka milango, akapaka usukani, akapaka hata kofia za matairi. Nilipowasha na kutoka uwanjani, kimya! Mlishangilia, nikasikia vigelegele mpaka barabarani. Nikaendesha nalia kwa furaha. Nikafika nyumbani, nikakata usukani niingie.

Ka-ka-ka-ka!

Nilizima gari pale pale, nusu ndani nusu nje. Nikaegemea usukani ule unaonukia mafuta ya upako, nikamwambia Mungu, "Baba, kama huyu si pepo, basi niambie ni nani." Sikuomba zaidi ya hapo. Nilikuwa nimechoka hata kuomba.

Ndugu zangu, Mungu alijibu! Alijibu Alhamisi, asubuhi kweupe, katikati ya shamba la mbaazi.

Mama Paulina wa Sigino alikuwa ndiye mteja pekee aliyenibakia, naye alibaki kwa sababu alikuwa na magunia mengi na hana punda. Nilikwenda kwake nikijua ni safari yangu ya mwisho na gari lile. Tulipakia. Mvua ilikuwa imekula njia mbele na kuacha korongo, kwa hiyo ikabidi nigeuze pale pale shambani, sehemu finyu, kati ya korongo na kichuguu. Nikakata usukani wote kulia mpaka ukagoma. Nikaachia klachi.

Ka-ka-ka-ka!

Mama Paulina alipiga yowe akadondosha ungo. Mimi nilikanyaga breki. Na hapo, ndugu zangu, hapo hapo, likaja swali kichwani mwangu, na nasema bila aibu kwamba halikuwa langu, nililetewa. Swali lilisema: Baba Elia hajawahi kufika kwenye shamba hili maisha yake yote. Hapa hakuna geti. Anamgongea nani?

Nikasogeza gari mbele kidogo. Nikakata tena kulia: ka-ka-ka-ka. Nikakata kushoto mpaka mwisho: kimya! Kulia, likagonga. Kushoto, likanyamaza. Nikatoka pale pafinyu nikaenda kwenye uwanja waliokwisha kuvuna, nikaanza kuzunguka. Nilizunguka kulia nikisikiliza, nikazunguka kushoto nikisikiliza, magunia yanayumba nyuma. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na Mama Paulina amesimama mbali na mikono juu anapiga kelele, "Shindwa! Shindwa kwa jina la Yesu! Mwachie mama wa watu!"

Nikamwambia kupitia dirishani, "Mama Paulina, mimi ni mzima! Lina upande! Mzimu gani huu unagonga kulia tu?"

Hapo nikaelewa. Nyumbani naingia kwa kukata kulia mpaka mwisho. Ndani nageuzia nyuma ya nyumba kwenye uwanja wa kuanikia mahindi, kwa kushoto, na kutoka natoka kwa kushoto. Sokoni ni wazi, sikati sana. Kanisani nilitoka moja kwa moja. Pahali pekee katika maisha yangu ambapo usukani ulikwenda wote kulia palikuwa getini kwangu!

Nikaenda gereji, na magunia ya watu yakiwa bado nyuma. Fundi Shabani mnamfahamu, ana gereji karibu na stendi, si wa kanisa letu, ni Mwislamu na mtu mwema. Aliponiona naingia alisimama.

"Shikamoo Mama Elia. Samahani mama, lakini hilo gari mimi silali chini yake. Ugomvi wenu na marehemu sitaki kuuingilia."

Mnaona? Hofu ilikuwa imetangulia mpaka gereji! Tangu hodi ianze hakuna fundi aliyekubali kuchungulia chini ya gari lile, na kwa sababu hakuna aliyechungulia, hodi iliendelea. Nikamwambia, "Marahaba. Panda tu ukae pembeni yangu, usilale chini." Alipanda akiwa ameshika mlango tayari kuruka. Nikamzungusha kwenye uwanja wa mbele ya gereji, kulia, kushoto, kulia. Mara ya kwanza alifumba macho. Mara ya pili aliinamisha kichwa. Mara ya tatu aliachia mlango, akaanza kucheka mpaka kofia ikadondoka.

"Mama Elia, hii si hodi. Hii ni jointi ya shafti ya mbele, tena ya kushoto! Ukikata kulia, tairi la kushoto ndilo linabeba mzigo, ndiyo maana linalia. Tumekaa mjini tunaogopa jointi!"

Akalala chini ya gari mwenyewe, akaniita nami nilale nione. Nililala, ndugu zangu, na kanga yangu. Akanionyesha shafti, ule mchuma unaotoka katikati ya gari kwenda kuzungusha tairi la mbele. Mwishoni mwake kuna kiungo kinachopinda, na kiungo kile kimevalishwa mfuko wa mpira uliojaa grisi. Mpira wa kushoto ulikuwa umechanika, labda kwa mabua ya mashambani. Grisi yote ilikuwa imetoka na mchanga umeingia mahali pake. Zile gololi za ndani zimelika, zinaruka kwenye nafasi zao kila gurudumu likipinda sana. Basi nikakumbuka ile Jumapili. Mafuta tulipaka kila mahali kwenye gari lile, isipokuwa mahali palipokuwa panalilia mafuta!

Nasema hivi bila dharau kwa maombi yenu. Mimi naamini yale maombi ndiyo yaliyonipeleka kwenye kichuguu cha Mama Paulina.

Na yule mzito aliyekuwa anapanda nyuma, naye alipatikana. Kuna mchuma mwingine mrefu unaokwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma, mafundi wanauita propela. Viungo vyake wanaviita krosi, na krosi moja ilikuwa imekauka grisi na kulegea. Gari likianza kuondoka, propela inacheza kwanza ndipo inavuta, nayo inagonga, ko! Baba Elia alikuwa na kawaida ya kuingia chini ya gari na bomba la grisi kila baada ya safari za tope. Watoto walikuwa wanamcheka kwamba analinyonyesha. Alipoondoka, hakuna aliyejua kwamba gari lilikuwa linanyonya.

Fundi akataka kuniponza kwa ushauri mmoja. Alisema, "Nikutolee propela kabisa, utembee na magurudumu ya mbele tu, mafuta litakula kidogo." Mnajua wengi mjini hapa wamefanya hivyo, magari yao yana jina la kuvuta magurudumu manne lakini manne hayavuti. Nikamwambia hapana. Tope la Sigino haliulizi gari linakula mafuta kiasi gani. Funga krosi mpya.

Shafti ikaagizwa Arusha, ikaja kwa basi. Ijumaa jioni gari lilikuwa juu ya mawe, tairi zimetolewa. Jumamosi asubuhi nikasikia geti la gereji linafunguliwa. Ni shemeji, na nyuma yake yule mtu wa Arusha na mitungi ya gesi.

Shemeji akaniangalia kwa uchungu. "Mama Elia, tulikubaliana."

Nilijua maneno hayatafaa, maana maneno tulikuwa tumemaliza wote kwenye ukoo. Nikaokota ile shafti mbovu chini, nzito, imejaa uchafu mweusi, nikamwekea mikononi. Nikamwambia, "Shemeji, ipinde. Halafu izungushe polepole."

Akaipinda. Akaizungusha. Na mle mikononi mwake ikagonga: ka… ka… ka… ka.

Alizungusha tena. Na tena. Fundi Shabani aliacha kazi, mtu wa Arusha akavua kofia bila kujua kwa nini anaivua. Shemeji aliendelea kuizungusha, grisi inamchafua shati jeupe, mpaka nikamshika mkono. Aligeuka akamwambia mtu wa Arusha kwamba amemsumbua, amsamehe, halafu akakunja mikono ya shati akamsaidia fundi kushikilia propela wakati wa kufunga bolti.

Alasiri gari lilishuka chini. Nikaachia klachi, nyuma kimya, hakuna aliyepanda. Shemeji alikuwa ameketi pembeni yangu, yeye ambaye tangu kaka yake afe hakuwahi kuweka hata mguu ndani ya gari lile. Tukapita mjini, tukaingia Bagara, tukaingia kwenye njia yetu nyembamba. Watoto walifungua geti. Nikakata usukani wote kulia, mpaka ukagoma.

Kimya.

Gari liliingia kama maji. Nilisikia matairi yanasaga kokoto, nilisikia kuku. Nikazima. Na hapo ndugu zangu, badala ya kushangilia, nilihisi nyumba nzima imekuwa tupu. Ndipo nilipojua kwamba kila jioni, pamoja na hofu yote, kuna sehemu ndani yangu ilikuwa inaisubiri ile hodi. Nilikuwa naogopa asije, na naogopa asipokuja. Neema alisimama pembeni ya mlango akaniuliza, "Mama, baba leo hagongi?"

Shemeji ndiye aliyejibu. Alishuka, akamnyanyua, akamwambia, "Baba alishafika, mama. Alishafika siku nyingi. Amepumzika." Halafu mwanaume yule mzima, na grisi yake usoni, alilia kwa sauti. Siku ya mazishi hakulia, alikuwa anahangaika na turubai na wageni. Alilia siku ile, nami nikalia, na watoto wakalia, katikati ya uwanja wa mahindi. Tulimzika mume wangu alasiri ile, ndugu zangu. Mazishi ya kwanza yalikuwa ya mwili tu.

Huo ndio ukombozi wangu. Sikukombolewa kutoka kwa marehemu, kwa sababu marehemu hakuwa na kosa, yuko kwa Bwana wake. Nilikombolewa kutoka kwenye hofu iliyokuwa inataka kula kazi yangu, na ada za wanangu, na akili ya shemeji yangu. Na Bwana alifanya hayo kwa korongo na kichuguu! Nani kama Yeye?

Siku hizi bomba la grisi ni langu. Kila nikitoka kwenye tope nalala chini na tochi, naikagua mipira ya shafti zote, nikiona ufa natengeneza siku ile ile, kabla mchanga haujaingia. Krosi nazipa grisi mpaka inatoka pembeni. Wateja wamerudi, hata yule wa punda, nami nimempakia bila kumkumbusha, ingawa nilitamani. Shemeji ndiye ananishikia tochi.

Wewe ndugu uliyekaa hapa na kitu kinagonga nyumbani kwako, kwenye kifua chako, kwenye ndoa yako, na umeogopa kukichungulia, mimi nakusihi: mwombe Bwana, halafu lala chini uangalie. Usiogope kile utakachokiona, kwa maana yeye ameshatangulia chini pale kabla yako. Mtumaini! Akikuonyesha kiungo kilichokauka, mshukuru, kitengeneze. Akikuonyesha kwamba mpendwa wako amekwisha kwenda, mshukuru pia, na umwachie aende.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na Mchungaji anisamehe kwa muda. Jumatatu naenda Sigino. Mwenye mgonjwa au mwenye gunia anione pale nje baada ya ibada, na asiogope kupanda. Viti vyote viko wazi.